Mari ya Barasa

Kitale, Jumapili mchana

Kwa Wairimu, binti yangu, na kwa jina mama yangu mzazi,

Umeniuliza mara tatu wiki hii ni kuku gani. Mara ya kwanza nilikuambia ni kuku wa Krismasi. Mara ya pili nikajifanya sikio langu la kushoto limekufa kabisa. Mara ya tatu, jana, ukiwa unafunga begi, nikakuuliza kwani Bungoma kuku wameisha mpaka waulizie wa Kitale. Ukacheka, nami nikacheka, halafu nikatoka nje nikasimama nyuma ya choo kama mtoto aliyevunja sahani.

Sasa wewe na mama yako mmeenda Tongaren kumuaga shangazi yako, na hamtarudi mpaka jioni. Mimi nimebaki na kalamu yako ya buluu na daftari la mama yako la chama, ambalo nimelichana kurasa za katikati. Akiuliza, ni panya. Unajua nilisoma mpaka darasa la tano, kwa hivyo ukikuta herufi imelala mahali inatakiwa kusimama, iamshe uendelee.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya kununua kadi ya simu na kupiga kila Jumapili, na ya vijana wa Bungoma, hayo mama yako atakuambia, na atayarudia mpaka gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Kesho unaenda kuanza kazi kwa mzee Barasa, na umesema utabeba kile kisanduku cha visu vya leth, vya mashini yetu ya kuchonga chuma, ulichojifunzia kazi tangu ukiwa mdogo. Kisanduku hicho si changu. Ni cha Barasa. Na nadhani ameshajua.

Nimeiandika hiyo na mkono bado uko mahali pake. Basi tuendelee.

Hebu nikukumbushe vile ulivyotusimulia mwenyewe Jumatatu, ulipotoka kule kufanyiwa mtihani. Ulisema mzee alikupa chuma cha mviringo akakuambia umchongee bushi, ile pete ya kuzungukia shafti, ya mashini ya posho. Akakupa na kisu chake cha kukatia. Na wewe, kabla ya kukifunga kwa mashini, ukaanza kuangalia chini, huku na huku.

"Unatafuta nini?"

"Kipande cha bati, mzee."

"Cha nini?"

"Cha kuweka chini ya kisu."

"Umepima ukaona kisu kiko chini?"

"Bado."

"Sasa bati ni ya nini kama hujapima? Nani alikufunza hivyo?"

"Baba."

"Baba yako ni nani?"

"Fundi Kamau, wa Kitale."

Ukasema mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu sana, halafu akakuacha ufanye kazi. Ulipomaliza akapima bushi mara mbili, akasema kazi ni yako, uanze wiki ijayo. Na ulipokuwa unatoka mlangoni akakuita: "Msarimie baba yako. Muurize, ire kuku irikuwa tamu?"

Ulimuigiza hapa mezani, na sauti yake ukaipata kabisa, mama yako akacheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilikuwa na chai mdomoni na chai ikapita njia ya hewa. Mlinipiga mgongo wote wawili. Mlidhani ni kicheko.

Sasa sikiliza.

Mimi na Barasa tulifanya kazi mashini moja miaka sita, katika karakana ile iliyokuwa karibu na reli. Yeye asubuhi, mimi mchana. Wiki ijayo tunabadilishana. Mashini ilikuwa ya tajiri, lakini visu vilikuwa vya fundi. Ndivyo ilivyokuwa. Fundi bila visu vyake ni mtu tu aliyevaa ovaroli chafu. Barasa alivikusanya vyake kimoja kimoja, akavichonga mipini kwa mkono wake mpaka kila kimoja kikifungwa kwa ile mashini, ncha inafika katikati ya chuma bila kuinuliwa na kitu. Mimi nilikuwa nahangaika na vipande vya bati, yeye anafunga kisu na kuwasha. Alikuwa akisema, "Kisu changu kinakaa kama bwana harusi. Chako kinakaa kama mgeni ambaye hajaambiwa kalibu." Hiyo kalibu ni yake, si makosa yangu ya kuandika.

Siku moja akaazima kwangu zile herufi zangu za chuma za kugonga, ili aandike jina. Mimi nikamshikia kisu cha kwanza kwenye jiriwa. Akagonga M. Akagonga A. Akachukua R.

"Barasa, ni mali," nikamwambia. "Unataka L."

"Si ndiyo hii."

"Hiyo ni R, bana."

Akaiangalia ile herufi, akaniangalia mimi. "Kamau, jana uriniambia unaenda kukura ugari. Reo umekuwa mwarimu?"

Karakana yote ilicheka, na mimi ndiye niliyechekwa, kwa sababu ni kweli, huko kwetu ulimi pia haujawahi kuamua kati ya L na R. Basi akagonga vyote vile vile, MARI YA BARASA, chini ya mpini, upande unaokalia mashini, ambao hauonekani mpaka ukipindue kisu. Akasema mwizi hasomi chini. Tangu siku hiyo nilikuwa namsalimia asubuhi, "Mari ya Barasa, habari?" Naye anajibu, "Habari irikuwa nzuri kabra sijakuona."

Nakuambia haya ujue tulipendana. Ukisikia yanayofuata usifikiri tulikuwa maadui waliotafuta sababu.

Wewe unajua vile niko. Kule karakana nilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa namficha Barasa chakula chake, kofia yake, mara moja kiatu cha kushoto akaenda nyumbani na malapa ya mke wa tajiri. Kila mara anatafuta, mimi namzungusha kwa maneno siku nzima, na jioni namrudishia, na tunacheka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya pili.

Ukafika msimu wa mavuno. Mashini za kupukuchua mahindi zinavunjika shafti kila siku, wakulima wamejipanga nje, mawingu yanatisha, kila mtu anapiga kelele shafti yake itoke kwanza. Asubuhi moja Barasa akafungua kabati lake. Kufuli iko, kisanduku hakuna. Akageuka. Aliuliza watu wote lakini macho yalikuwa kwangu, maana ni mimi niliyetoka wa mwisho jana yake.

"Nani ameona kisanduku changu?"

Wairimu, mama, hapo ndipo ningesema "sijakiona" na leo ningekuwa nimelala kwa kiti na gazeti usoni. Lakini watu wapo, wamekasirika, wanataka kitu cha kucheka, na mdomo wangu haukuniomba ruhusa.

"Si nimekiuza nikanunua kuku," nikasema. "Imekuwa tamu, Barasa! Nimelamba mpaka mfupa."

Walicheka wote. Hata yule mkulima aliyekuwa anatutukana akacheka. Nikaona imekubali, nikaongeza: "Paja nilikuwa nimekuwekea, lakini paka akaja."

"Kamau, rudisha."

"Nirudishe namna gani? Kuku imeshafika chooni."

Nilijua kisanduku hakiko kwangu. Nilidhani fundi mwingine amekiazima, au kuna mtu ananiiga michezo yangu, na jioni kitarudi. Jioni hakikurudi. Siku ya pili Barasa akaniangalia tu, nami nikamlilia kama jogoo. Ndiyo, nililia kama jogoo. Mzee huyu unayemjua, mwenye mvi, alisimama kwenye mlango wa karakana akawika.

Siku ya tatu jioni alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kile kigoda cha kukamulia ng'ombe, akakataa chai.

"Utani umetosha, Kamau. Nipe nikafanye kazi."

"Barasa, sikukichukua."

"Umesema umechukua."

"Nilikuwa nataniana na wewe."

"Siku tatu?"

Ona vile ilivyokuwa: yeye alikuwa amengoja siku tatu nimalize mchezo wangu, kama alivyongojea kiatu. Hakwenda polisi, hakuuliza sokoni, hakufuata mtu. Alikuwa anangoja rafiki yake achoke kucheka. Na mwizi, hata simjui mpaka leo, alipewa siku tatu nzima za kutembea. Mimi ndiye niliyempa.

Akainuka, akasema neno moja tu, "Mwizi," bila hata kupaza sauti. Mwisho wa mwezi akamwambia tajiri hawezi kugusa mashini niliyogusa. Tajiri alikuwa anahitaji mikono yetu wote lakini hakuweza kutushika wote. Barasa akaenda zake Bungoma, akaanza upya na visu vya kuazima.

Nilikasirika, usidhani nilihuzunika. Nilikuwa sijaiba! Nilitembea Kitale hii nikiwa nimeinua kidevu kama mtu ambaye ameshinda kesi. Kila aliyenisikiliza nilimwambia, "Yule mtu hana utani." Ukisikia mtu anasema mwenzake hana utani, Wairimu, muulize kwanza alimfanyia nini.

Sasa tufike kwa sweta yako.

Ulikuwa darasa la pili. Ilikuwa Julai, na unajua baridi ya Julai hapa kwetu inaingia mpaka kwenye meno. Mama yako akanituma nikakununulie sweta ya shule pale kwenye duka la kanisa, wanapouza vitu vya mkono wa pili: nguo za ng'ambo, vikombe visivyofanana, viti vya watu waliohama. Yule mama mwuzaji alikuwa anakunja mapazia. Nikainama kutafuta sweta chini ya meza, mkono ukagusa chuma.

Nilivuta. Kisanduku cha mbao, kona zimefungwa bati. Nikakijua kabla sijakifungua.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Hiyo? Ilikuja na vitu vya familia moja ya shambani, walihama. Ni vyombo vya daktari wa meno." Akaniangalia juu mpaka chini. "Kwani wewe unataka kung'oa nani?"

Nikachukua kisu kimoja, nikapitisha kidole chini ya mpini. Nilisoma kwa kidole. M. A. R. Nikakaa pale pale juu ya mapazia yake.

"Baba, usikalie mapazia ya watu!"

Sweta na kisanduku havingetoka mfuko mmoja. Nilirudi nyumbani na kisanduku. Wewe ulilia, ukaenda shule wiki mbili umevaa koti la mama yako limekunjwa mikono, na watoto wakakuita padre. Mama yako hakuniongelesha mpaka Jumapili. Sikumwambia kwa nini. Nilisema ni bahati, visu vizuri hivi havipatikani. Wewe ukiwa mkubwa ulikuwa unasimulia watu kama hadithi ya kuchekesha, ati baba alitumwa sweta akaleta vyuma. Nilikuwa nakuacha usimulie.

Naapa kwa jina la yule uliyeitwa kwa jina lake: nilinunua nimrudishie. Alhamisi iliyofuata nilipanda gari la Bungoma na kisanduku mapajani, nikiwa nimevaa shati la harusi. Kiminini, Kamukuywa, kila kituo nafanya mazoezi. Nitamwambia, Barasa, mari yako hii hapa. Halafu nikaanza kumsikia na yeye akijibu. "Umemariza kuvitumia sasa?" Nikambadilishia maneno, naye akanibadilishia lake: "Kuku imetaga?" Kila nilichosema kichwani kilionekana kama mwizi anayerudisha mali baada ya kuogopa. Nani angeamini duka la kanisa? Mimi mwenyewe nisingeamini.

Tulipofika Misikhu nilishuka. Ilikuwa siku ya soko. Nilikaa kando ya mama wa maparachichi, nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala polepole sana, huku nimekalia kisanduku. Yule mama akaniuliza, "Mzee, unauza nini ndani?" Nikamwambia, "Meno." Hata hapo sikuweza kunyamaza. Nikatafuna mpaka kigunzi kikabaki cheupe. Halafu nikavuka barabara, nikasimama upande wa magari ya kurudi Kitale.

Ukiniuliza ni kosa gani nililofanya maishani, ni kule kuvuka barabara. Hayo mengine mengi nilisukumwa na mdomo. Hilo nililifanya kwa miguu, nikiwa nimetulia, nimeshiba.

Mwaka mzima kisanduku kilikaa chini ya kitanda. Halafu kisu changu kikavunjika na mteja amesimama, nikachukua kimoja cha Barasa, siku hiyo tu. Unajua siku hiyo tu huwa ndefu namna gani. Ndipo nikaanza kuogopa. Wakati huo tajiri alikuwa amezeeka na mashini ile nimeshainunua, imefika hapa nyumbani, na mafundi wanaingia na kutoka, wengine wa Webuye, wengine wa Bungoma. Akitokea mmoja akipindue kisu? Nikakaa kwenye jiwe la umeme la kunolea, nikasaga herufi. Kimoja baada ya kingine. Mama yako aliingia akasimama nyuma yangu.

"Unasaga nini?"

"Kutu."

Akachukua kisu ambacho nilikuwa sijafikia, akakipindua, akakirudisha mezani taratibu. "Kutu ya siku hizi imesoma," akasema. Akatoka. Miaka kumi na moja hajalitaja tena. Usimkasirikie yeye. Alikuwa anangoja, kama Barasa.

Sasa unaelewa bati? Nilipozisaga herufi nilisaga na chuma, na visu vilivyokaa kama bwana harusi vikawa vifupi kimo. Kila kimoja kikahitaji kuinuliwa. Nikakata vipande kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, unene ule ule, nikaviweka chini. Ulipoanza kujifunza, mkono wako haujafika vizuri kwenye gurudumu, uliniuliza, "Baba, mbona visu vyetu vyote ni vifupi?" Nikakuambia Wazungu walivitengeneza hivyo ili bati nazo zipate kazi. Ukaamini. Mafundi wengine huweka bati kisu kikihitaji. Wewe peke yako ndiye nimekuona ukiweka kabla ya kupima, kwa sababu nilikufundisha kwa visu vya wizi.

Nimeandika wizi. Nilipoitwa mwizi sikuwa mwizi. Nilikuja kuwa baadaye, polepole, kwa jiwe la kunolea, nikithibitisha neno la Barasa. Na wewe ukaenda Bungoma na mikono safi kabisa, ukainama mbele ya mwenye mali, ukatafuta bati.

Fundi wa umri wake hahitaji kuambiwa zaidi. Aliandika jina lake chini ya mpini. Akaona mtoto wa Kamau anainua visu kutoka chini bila kupima. Alipokuwa anafuta miwani alikuwa anapiga hesabu.

Kinachoninyima usingizi, na chakula pia, hata mama yako ameona, ni kwamba sijui kwa nini amekuchukua. Labda ni mkono wako. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu. Nimekuambia mara chache kwa sababu ungeniomba uongezewe posho. Au labda anataka uingie na kisanduku, akipindue kisu mbele ya mafundi wake, aseme, huyu ndiye mtoto wa mwizi na vyombo hivi hapa. Ningekuwa mimi, ningefanya hivyo. Lakini mimi si kipimo cha watu.

Mpango wangu tangu Jumatatu ulikuwa barua hii niiweke ndani ya kisanduku, juu ya visu, uisome kwenye gari, na ukifika umpe Barasa vyote pamoja. Nilikuwa nimeshaandika mstari wa mwisho kichwani, mzuri, wa kuliza watu. Lakini nilipofika pale pa mahindi ya kuchoma nikaweka kalamu chini. Hiyo ni Misikhu tena, Wairimu. Tofauti ni kwamba safari hii ningeshuka mimi, na wewe nikuache uendelee na kisanduku mapajani.

Kwa hivyo kesho tunaenda wote. Usibishane na mimi stendi mbele ya watu. Barua nitakupa leo mkirudi, kabla ya chakula, na utakaa nayo upande wako, nami upande wangu, na asubuhi kama hutaki kukaa kiti kimoja na mimi nitapanda gari la nyuma. Ukitaka kunikaripia, una jina la mama yangu. Yeye alinichapa kwa mwiko kwa makosa madogo kuliko hili. Ila kisanduku nitakibeba mimi.

Tukifika, wewe utabaki nje, ng'ambo ya barabara. Nitaingia peke yangu. Nitamwambia vile nilivyokuandikia, duka la kanisa, Misikhu, jiwe, kila kitu, na sitaweka mzaha hata mmoja. Nimefanya mazoezi mbele ya ng'ombe tangu asubuhi. Ni kazi ngumu kuliko leth. Na nitamwambia hukujua lolote mpaka jana, na kwamba bati ni yangu, si yako. Akitaka polisi, nitakaa hapo hapo niwangoje. Akinifukuza, nitapita mbele yako bila kukuangalia, na wewe ungoje kidogo uingie kazini kama mtu mwingine yeyote. Mtihani ulipita kwa visu vyake vya sasa, si vya kisanduku. Akikufukuza na wewe kwa sababu yangu, basi nitakuwa nimekunyang'anya kazi kama nilivyokunyang'anya sweta, na hilo sitaweza kulichekesha. Utanichukia muda, na utakuwa sawa kunichukia. Mashini hapa nyumbani iko, na visu tutaanza kukusanya kimoja kimoja.

Majirani watakuambia leo asubuhi nilikuwa nagonga nyundo Jumapili kama mpagani. Ni kweli. Mlipoondoka tu nilitoa zile herufi zangu za chuma kwenye mkebe wake. Bado zina grisi. Nikafunga kisu cha kwanza kwenye jiriwa, upande wa chini ukiwa juu, pale niliposaga. M. A. Halafu mkono, kwa mazoea ya ubishi, ukachukua L. Nikaitazama ile L kwa muda. Nikairudisha. Nikachukua R. Nimegonga vyote hivyo hivyo, MARI YA BARASA, kumi na nne, na kila kimoja nimekifungia kipande chake cha bati kwa waya, ili aone vile nilivyokipunguza. Havitakaa kama bwana harusi tena. Lakini jina liko, na liko kwa mdomo wake.

Kitu cha mwisho. Ukiingia jikoni utakuta jogoo, yule mwekundu, amefungwa mguu kwenye meza. Si wa chakula cha kukuaga. Chakula chako ni maharagwe, mama yako ameshasema. Huyo jogoo anasafiri na sisi. Mama yako ataniuliza kama nimerukwa na akili, kwamba mzaha ndio ulioharibu na mimi naubeba tena kwa mabawa. Najua tu kwamba mtu huyo ananidai kuku, mbele ya karakana nzima, na kwamba kesho jogoo hataingia na mimi. Atabaki ng'ambo ya barabara, mkononi mwako.

Sikiliza mlango. Nikikuita, ingia naye. Usiposikia kitu, mfungue kamba umpe mama yeyote anayepita, uvuke, uingie mikono mitupu. Na kabla hujaweka bati, pima.

Baba yako,
Kamau